Ekzosi inavuja: nirudishie ya aina ileile au niweke bomba pana?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Gari langu ni la petroli, silinda nne, injini ya lita 1.8 isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), na limeshatembea zaidi ya kilomita 190,000. Siku hizi linanguruma kuliko zamani. Asubuhi nikiliwasha kuna mlio wa tik-tik upande wa mbele ambao hupungua injini ikipata moto. Taa ya injini imewaka, mafuta linakula zaidi, na nikikaa kwenye foleni madirisha yakiwa yamefungwa kichwa hunigonga. Fundi wa kwanza ananishauri nitoe masega (lile kopo la kusafisha sumu ya moshi), nitupe sailensa ya kati, niweke bomba la inchi mbili na nusu moja kwa moja hadi nyuma. Anasema gari litakuwa jepesi na litapunguza ulaji wa mafuta. Fundi wa pili anasema nikifanya hivyo nitapoteza presha ya nyuma na valvu zitaungua. Nimsikilize yupi? Na nikitaka kuboresha, niboreshe wapi?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na hicho kichwa kinachokugonga kwenye foleni, maana hicho hakisubiri mjadala wa upana wa bomba. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikiingia kwenye damu hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini oksijeni inayobeba haitoshi. Dalili za mwanzo ndizo hizo zako, na nyingine ni kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Kwamba unazipata gari likiwa limesimama kunaendana kabisa na uvujaji wa mbele: moshi unatoka chini ya boneti, unavutwa na tundu la hewa lililo chini ya kioo cha mbele, kisha feni inakupulizia usoni. Gari likiwa mwendoni, upepo huusukuma nyuma.

Kwa hiyo mpaka uvujaji utakapozibwa, endesha madirisha ya pande zote yakiwa wazi. Usiliache likiwaka ndani ya banda, hata mlango ukiwa nusu wazi. Usimwache mtoto alale ndani injini ikinguruma, wala usiendeshe buti likiwa wazi, kwa sababu nyuma ya gari linalokwenda hewa hujizungusha na kuurudisha moshi ndani. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kutapika, zima injini, mtoe kwenye hewa safi na mpeleke hospitali mara moja, maana gesi hii hupungua kwenye damu kadiri saa zinavyokwenda na vipimo vya kesho yake vinaweza visionyeshe chochote. Na wewe mwenyewe, kichwa kikiendelea kugonga hata baada ya ekzosi kuwa nzima, usitafute sababu kwenye gari tu, kamwone daktari. Watu hufa kwa gesi hii wakidhani wamechoka.

Sasa tuje kwenye mlio. Tik-tik ya asubuhi inayopungua injini ikipata moto mara nyingi ni ufa kwenye manifodi ya ekzosi (mirija inayopokea moshi kutoka kwenye silinda), au gasketi yake imeungua, au stadi moja (bolti inayoikaza kwenye injini) imekatika: chuma kikipata joto kinatanuka na kuubana ule ufa. Tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu, nazo zina mlio unaofanana, hivyo usinunue kitu kwa kusikiliza peke yake. Injini ikiwa imewashwa lakini bado ya baridi, mtu avae glavu nene, azibe mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache, mwingine asikilize mbele. Penye uvujaji patazomea. Tafuta pia michirizi ya masizi meusi kwenye maungio, hayo hayadanganyi. Gereji yenye blowa inaweza kusukuma hewa kupitia bomba la nyuma injini ikiwa imezimwa, kisha ikapaka maji ya sabuni kwenye kila ungio na kuona mapovu yanapotokea. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haina moto, haina kelele, na mwenye gari anaona kwa macho yake.

Ukiwa huko chini tazama ile fleksi, kipande chenye nyaya zilizosukwa kati ya manifodi na bomba la kati. Kwenye magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele injini hulala kwa upana na kuyumba mbele na nyuma kila unapokanyaga mafuta, na fleksi ndiyo inayopokea mtikisiko huo. Ikiwa imepasuka, kagua mauntingi za injini kabla hujachomelea mpya. Raba hizo zikiwa zimekwisha, injini huyumba kupita kiasi na fleksi mpya haitadumu. Ni kosa ninaloliona mara kwa mara: mtu anabadilisha fleksi, inapasuka tena, analaumu ubora wa kipuri.

Kuhusu mafuta. Moshi hautoki kama mkondo ulionyooka. Hutoka kwa mapigo, pigo moja kwa kila silinda inayowaka. Kati ya pigo na pigo, presha ndani ya bomba hushuka hata chini ya ile ya hewa ya nje, na hapo ufa uliokuwa unatoa moshi huvuta hewa ndani. Hewa hiyo ina oksijeni. Sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega inaisoma na kuiambia kompyuta kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Kompyuta inalenga uwiano wa uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1, hivyo inaongeza mafuta ambayo injini haikuyahitaji. Plagi zinashika masizi, masega yanapata kazi ya kuchoma mafuta ya ziada, na wewe unaona geji ya mafuta inashuka haraka. Ufa mmoja, basi, unaweza kueleza mlio, taa, ulaji wa mafuta na kichwa chako kwa pamoja. Mwambie fundi asome kodi za hitilafu kwenye kompyuta na akuandikie namba zenyewe. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi. P0420 inasema masega hayafanyi kazi ipasavyo. Usiyahukumu masega kwa P0420 peke yake, maana hewa inayopenya kabla ya sensa ya pili, iliyo nyuma ya masega, nayo huweza kuiwasha kodi hiyo.

Hapo ndipo ninapoachana na mafundi wako wote wawili. Walianza kuzungumzia bomba kabla hawajautafuta uvujaji. Hata hivyo hoja zao ni za kawaida sana kwenye gereji, na zinastahili kujibiwa moja moja.

Fundi wa pili, wa presha ya nyuma. Injini yako haihitaji presha ya nyuma. Kila presha inayobaki kwenye bomba, pistoni hulazimika kuisukuma ikipanda, na moshi unaobaki ndani ya silinda huchukua nafasi ya hewa mpya. Injini inachohitaji ni kasi ya moshi. Mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi kuna kitambo kifupi ambapo valvu ya kutoa na ya kuingiza zote zimefunguka. Moshi uliokwisha kuondoka kwa kasi huacha nyuma yake presha ndogo, na presha hiyo ndogo huvuta moshi uliobaki na kuikaribisha hewa mpya, kama maji ya mpira uliotumbukizwa kwenye pipa: ukishayanyonya yakaanza kushuka, yanayavuta mengine yenyewe. Bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi hupunguza kasi, hupoa, na mvuto huo unafifia, hasa injini ikiwa kwenye raundi za chini. Dereva anahisi gari limekuwa zito kuondoka kwenye taa, na anaambiwa amepoteza presha ya nyuma. Alichopoteza ni kasi.

Na hizo valvu kuungua? Hofu hiyo ina asili yake. Kwenye injini za kabureta, ukifungua ekzosi bila kubadilisha jeti (kitundu kinachopima petroli), mchanganyiko unaweza kuwa na mafuta machache kuliko inavyotakiwa, joto likapanda, na valvu zikaungua kweli. Injini yako ina sensa na kompyuta inayorekebisha mafuta, hivyo hatari hiyo si ile ya zamani.

Fundi wa kwanza sasa. Tupige hesabu, kwa sababu inchi mbili na inchi mbili na nusu zinasikika kama majirani. Bomba la inchi mbili, yaani milimita 51, lina eneo la ndani la sentimita za mraba kama 20 tukipuuza unene wa chuma. La inchi mbili na nusu lina kama 32. Umeongeza eneo kwa zaidi ya nusu, na moshi uleule ukipita humo kasi yake inapungua kwa zaidi ya theluthi. Na moshi wenyewe ni kiasi gani? Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake mzima mara moja kwa kila mizunguko miwili. Lita 1.8 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika ni lita 5,400 za hewa kwa dakika, pedeli ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Kwenye mizunguko 2,000 ni lita 1,800, na kwa kuwa hukanyagi hadi mwisho ukiwa kwenye foleni, kiasi halisi ni kidogo zaidi ya hapo. Maisha ya gari lako yako huku chini, wala si kwenye 6,000. Bomba la inchi mbili na nusu lingefaa injini inayotoa moshi mwingi zaidi wa huo, au yenye tabo. Kwa lita 1.8 isiyo na tabo ningebaki kwenye kipimo cha kiwandani, au nipande hadi inchi mbili na robo kama sehemu nyingine za injini zimeboreshwa pia. Faida ya bomba la nyuma peke yake kwenye injini kama yako ni hospawa chache kwenye raundi za juu, mara nyingi dereva hazihisi.

Tabo ina sheria nyingine. Turbini, gurudumu la tabo linalozungushwa na moshi, hupata nguvu kutokana na tofauti ya presha kabla yake na baada yake, hivyo baada ya tabo bomba likiwa pana ni faida moja kwa moja. Mengi unayoyasikia kuhusu bomba pana yanatoka kwa wenye magari ya tabo, na kwao ni ya kweli.

Kuhusu masega nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo fedha na afya vinapopotea. Masega ni kopo lenye tofali la kauri, wakati mwingine la chuma, lililotobolewa vitundu vingi vidogo na kupakwa platinamu, paladi na rodi. Yakifika nyuzi joto 250 hadi 300 yanaanza kazi: kaboni monoksidi inageuzwa kaboni dioksidi, petroli isiyoungua inageuzwa maji na kaboni dioksidi, na oksidi za nitrojeni zinarudishwa kuwa nitrojeni ya kawaida. Yakiwa mazima na ya moto, hupunguza kaboni monoksidi kwa zaidi ya asilimia 90. Wewe ambaye tayari unaumwa kichwa kwa moshi uliovuja, unashauriwa utoe kile kinachoondoa sumu yenyewe. Siwezi kukubaliana na ushauri huo hata kidogo. Kuna watoto, wachuuzi na waendesha baiskeli ambao pua zao ziko kwenye kimo cha bomba lako.

Sifa ya masega kunyonga injini si ya kubuni. Magari ya Marekani yalipoanza kuwekewa masega kwa wingi kwenye matoleo ya mwaka 1975, baadhi yalitumia kopo lililojazwa vidonge vilivyopakwa madini, na moshi ulipita humo kwa tabu. Masega ya leo yana kuta nyembamba na vitundu vilivyonyooka. Yakiwa mazima, kizuizi chake ni kidogo mno kwa gari la barabarani.

Mbona basi watu wanayatoa na kusema gari limekuwa jepesi? Wanasema kweli, kwa sababu yalikuwa yameziba. Gari lenye masega yaliyoyeyuka au kujaa masizi ni zito, halipandi raundi, na mlimani hupumua kwa shida. Ukiyatoa linafunguka. Lakini wepesi huohuo ungeupata kwa kuweka masega mazima, na bila taa ya injini kuwaka. Kwa hiyo pima kwanza. Fundi atoe sensa ya oksijeni ya mbele, afunge geji ya presha kwenye tundu lake. Injini ikiwa ya moto na haijakanyagwa, geji isizidi psi 1.5 hivi (psi ni kipimo cha presha), kwenye mizunguko 2,500 isizidi kama psi 3. Ikipanda zaidi ya hapo na kuendelea kupanda, kuna kitu kimeziba, ama masega, ama sailensa iliyobomoka ndani. Kisha gari likiwa limepoa kabisa, gonga kopo la masega kwa kiganja. Likilia kama lina kokoto, tofali limevunjika. Usichelewe hapo, hasa kama masega yako yamekaa karibu kabisa na manifodi, kwa kuwa kwenye baadhi ya injini vumbi la kauri huweza kuvutwa kurudi ndani ya silinda na kukwaruza kuta zake.

Masega hayafi yenyewe tu, huuawa. Plagi au koili mbovu ikifanya injini imisi, yaani silinda ikose kuwaka, petroli isiyoungua huenda kuungua ndani ya masega, joto linapita kiwango, kauri inayeyuka. Injini inayokula oili hupaka fosforasi na zinki juu ya madini. Maji ya rejeta yanayopenya kupitia gasketi ya silinda hedi nayo huyachafua. Kwa hiyo kama kipimo kinaonyesha masega yamekufa, usinunue mapya mpaka umemkamata muuaji. Ukifunga mapya juu ya injini inayomisi, utarudi gereji kwa ugonjwa uleule. Na ukinunua, kuwa mwangalifu na yale ya bei ya chini sana: madini yaliyomo ni machache, na P0420 hurudi baada ya muda. Kwenye vipuri vilivyoidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa utakuta herufi E ndani ya duara pamoja na namba. Kanuni ya 103 ndiyo ya masega ya kubadilishia, na ya 59 ni ya sailensa za kubadilishia. Ni alama ndogo lakini mimi huitafuta kwanza. Nchi nyingi pia huhesabu kutoa masega kuwa kosa, na gari halipiti ukaguzi.

Sailensa ya kati nayo isitupwe kwa wepesi. Injini ya silinda nne huwaka mara mbili kwa kila mzunguko, hivyo kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika inatoa mapigo 100 kwa sekunde. Huo ni mvumo mzito unaoingia kifuani na kukaa masikioni, na raundi hizo ni za mwendo wa safari ndefu. Sailensa ya kati kwenye magari mengi imetengenezwa kuuzima mvumo wa namna hiyo. Ukiitoa, gari litasikika zuri kwa dakika kumi za kwanza, na baada ya saa mbili barabarani abiria wote watakuwa wamechoka bila kujua sababu.

Sasa ununuzi. Kama bomba lako limeoza kuanzia nyuma, jua kwamba kutu ilianzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja. Ukiwa na safari fupi fupi, ekzosi haipati joto la kuyakausha, na yanatuama kwenye sailensa ya nyuma ambayo iko mbali na injini. Sailensa nyingi zina kitundu kidogo chini cha kutolea maji hayo. Usikizibe ukidhani ni tobo.

Chuma cha kawaida ni rahisi kuchomelea na huoza mapema. Kilichopakwa alumini hudumu zaidi, isipokuwa penye maungio ya kuchomelea ambapo rangi ya alumini imeungua. Juu yake kuna vyuma visivyoshika kutu: daraja la 409, lenye kromiamu kama asilimia 11, hubadilika kuwa la kahawia juu lakini halitoboki upesi; daraja la 304, lenye kromiamu kama 18 na nikeli kama 8, ndilo linalodumu kuliko yote na bei yake inasema hivyo. Beba sumaku dukani. Inashika kwa nguvu kwenye 409 na kwenye chuma cha kawaida, lakini kwenye 304 haishiki au hushika kwa mbali penye mikunjo. Ukiuziwa bomba kwa bei ya 304 na sumaku imeng'ang'ania, rudisha. Na kamwe usikubali bomba la maji lililopakwa zinki litumike kama ekzosi: zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na moshi wake wakati wa kuchomelea humletea fundi homa.

Tazama pia mikunjo. Bomba likikunjwa kwa mashine ya kawaida hubonyea ndani ya kona, na tundu lake linakuwa dogo kuliko sehemu iliyonyooka. Bomba pana lenye kona nne zilizobonyea linaweza kupitisha moshi vibaya kuliko bomba la kiwandani jembamba lenye kona laini. Kama unalipia mabadiliko, lipia yaliyokunjwa kwa mashine yenye kiini cha ndani kinachozuia kubonyea.

Kazi yenyewe ifanywe gari likiwa limepoa na limekaa juu ya stendi imara. Jeki peke yake si ya kulala chini yake. Bolti za ekzosi ni za kutu, zinyunyiziwe dawa ya kulegeza kutu tangu jana yake. Stadi za manifodi zisilazimishwe. Ikikatika moja ndani ya silinda hedi ya alumini, kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima. Sensa zitolewe kwanza, nyuzi zake zipakwe kidogo grisi inayohimili joto kali, lakini grisi isiguse ncha. Gasketi zote ziwe mpya, bila ubishi. Silikoni ya kawaida isipakwe mahali popote kabla ya sensa, mvuke wake huiharibu. Kama kuna kuchomelea, terminali hasi ya betri ifunguliwe, waya hasi wa mashine ushikwe karibu kabisa na mahali panapochomwa, na pasiwe na cheche karibu na tangi au mipira ya mafuta.

Kisha kuna jambo ambalo mafundi wengi hulikimbia: upangaji. Vipande vyote viungwe kwanza vikiwa vimelegea, vining'inie kwenye raba zake, visogezwe mpaka kila kimoja kikae bila kulazimishwa, ndipo vikazwe kuanzia kwenye injini kwenda nyuma. Bomba la mita tatu la chuma cha 304 likipanda nyuzi 300 hurefuka kwa milimita kama 15. Urefu huo lazima upate pa kwenda. Ukiona fundi amechomelea bomba moja kwa moja kwenye bodi kwa kipande cha nondo ili lisicheze, mwambie akikate. Litavunjika penye ungio, au litakupigia kelele kwenye kila shimo. Acha angalau upana wa vidole viwili kati ya bomba na bodi, na zaidi ya hapo penye mipira ya breki na mafuta. Zile bati za kuzuia joto zirudishwe zote, hata zile zilizokuwa zinagongagonga. Mdomo wa bomba utoke nje ya bampa kabisa, usiishie chini ya buti.

Ukiwasha mara ya kwanza utaona moshi kidogo na kusikia harufu ya mafuta yaliyobaki juu ya chuma kipya. Fanya hivyo nje, na utaisha. Baada ya safari chache za kupata moto na kupoa, bolti zote zikazwe tena.

Na kuboresha? Uvujaji ukishazibwa na ukabaki na fedha na hamu, kwa injini yako ningefuata mpangilio huu. Kwanza plagi, chujio la hewa na mauntingi viwe vizima, kwa kuwa hakuna ekzosi inayofidia hivyo. Kisha sehemu ya baada ya masega: bomba la 409 au 304 lenye kona laini, kipimo cha kiwandani au juu yake kidogo, na sailensa nzuri ya nyuma. Ukitaka sauti nzito kidogo bila mvumo, badilisha sailensa ya nyuma tu na uiache ya kati. Heda, yaani manifodi maalumu yenye mirija ya urefu uliopimwa, ndizo zinazobadilisha tabia ya injini kweli, kwa sababu zinapanga mapigo ya silinda yasaidiane. Muundo wa mirija minne kuingia miwili kisha mmoja unafaa zaidi raundi za katikati, ambako wewe unaendesha, kuliko ule wa minne kuingia mmoja moja kwa moja. Lakini kwenye magari mengi masega ya kwanza yameungana na manifodi, na kuweka heda maana yake ni kuyaondoa. Kama gari lako liko hivyo, achana na heda.

Kitambaa cha kuzungushia bomba nisingekiweka kwenye chuma cha kawaida, kinashika unyevu na kuharakisha kutu. Ncha ya kromu ni pambo, weka kama unaipenda.

Mwisho wa kazi kodi zifutwe, uendeshe kwa siku kadhaa, kisha fundi aunganishe mashine tena na kutazama ni kwa asilimia ngapi kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Injini ikiwa ya moto, marekebisho hayo yakikaa ndani ya asilimia 5 hivi kwenda juu au chini, ni dalili nzuri kwamba ekzosi haivuji tena kabla ya sensa. Yakibaki juu ya 10 kwenye upande wa kuongeza, huenda bado kuna hewa inapenya mahali, na gari lirudi kwenye maji ya sabuni kabla hujamlipa fundi salio lake.